Usisajili hiyo kesi ya bima kabla hujakaa na wagonjwa

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba umepangiwa Moshi kama Wakili wa Serikali na tayari una faili la kituo binafsi cha afya kinachotuhumiwa kuidai bima matibabu hewa. Una ripoti ya wakaguzi wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na ripoti ya mtaalamu wa maandishi inayosema saini za wagonjwa zimeghushiwa, na wiki ijayo unasajili kesi. Unauliza kama uende na uhujumu uchumi au Kanuni ya Adhabu peke yake, kama takwimu zinatosha jinsi wanavyofanya Marekani, na kama upange nyumba Soweto au Rau. Wachangiaji waliotangulia wanakupongeza. Mimi sikupongezi, kwa sababu hujaandika popote kwamba umezungumza na mgonjwa hata mmoja.

Nimeendesha mashtaka mkoa huo huo, na faili kama lako ninalijua. Letu lilikuwa na fomu za madai zimefungwa kwa kamba, kila fomu ina saini ya mgonjwa chini, na mtaalamu anasema saini hazilingani na zile za kwenye nyaraka zao za uanachama. Mpelelezi wa kesi, mtu wa miaka mingi kazini, akatuambia: "Mawakili, mwandiko ukishatoka Dar kesi imekwisha. Wale wazee wa vijijini mtawaita siku ya ushahidi tu." Tukamwamini. Hati ya mashtaka ikaandikwa hivyo: kosa la kwanza, kughushi saini ya fulani, la pili, kughushi saini ya fulani, mpaka mwisho wa ukurasa.

Akaja shahidi wetu, bibi mmoja wa Uru, tegemezi kwenye bima ya mwanawe mwalimu. Nikampa fomu, nikamuuliza kama saini ile ni yake. Akaisogeza karibu na macho, akaikagua taratibu, akasema: "Ni yangu, mwanangu. Nilisaini pale mapokezini kabla sijamwona daktari. Wote tunasainishwa pale."

Wakili wa utetezi hakuhitaji maswali mengi. "Kwa hiyo bibi, kuna mtu ameghushi saini yako?" "Hapana." Akakaa.

Sasa fikiria hali yetu. Mtaalamu wetu anasema saini si ya bibi. Bibi wetu anasema ni yake. Mashahidi wawili wa Jamhuri wanapingana juu ya jambo lile lile lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Mkono wa mtu mzima unatetemeka, na saini ya leo haiwezi kufanana na ile aliyoweka miaka mingi nyuma anaandikishwa. Hilo mtu yeyote angeliona kama angekaa naye dakika kumi kwenye benchi la nyumbani kwake.

Na kinachouma zaidi ni kwamba wizi ulikuwepo. Fomu ile ilisema amechomwa sindano za antibayotiki siku tano mfululizo na kupimwa damu. Bibi alikwenda siku moja, akapewa dawa za presha, akapanda daladala akarudi kwake. Yaani alisainishwa fomu tupu, watu wakaijaza baadaye wanavyotaka. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi: kujipatia fedha kwa udanganyifu, na nyaraka zenye maelezo ya uongo. Saini yake halali ingekuwa sehemu ya ushahidi wetu. Sisi tukawa tumeigeuza kuwa ndiyo kosa lenyewe.

Usiniambie kwamba sheria inaruhusu kubadili hati ya mashtaka kesi ikiendelea. Inaruhusu. Lakini mshtakiwa anasomewa upya, anajibu upya, na ana haki ya kuomba mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena. Wengine walishahamia kwa watoto wao Dar na Mwanza, wengine wamechoka kuitwa na kurudishwa kila kesi inapoahirishwa. Na hakimu ameshasikia upande wa mashtaka ukijipinga. Shaka ikaenda kwa mshtakiwa, akatoka.

Yule mpelelezi ninamkasirikia mpaka leo, na nitakwambia kwa nini. Kwenye maelezo ya bibi aliyoyaandika polisi kulikuwa na sentensi: "saini hii si yangu na siitambui." Nilipomuuliza bibi nje ya mahakama, akasema hakuna mtu aliyewahi kumwonesha fomu. Yeye na wagonjwa wenzake waliitwa ofisi ya kata, wakaulizwa kama walitibiwa tarehe fulani, wakajibu hapana, wakaambiwa wasaini. Sentensi ile ile, na koma zake, ilikuwa kwenye maelezo ya mashahidi wote. Mtu mzima anayelipwa na Serikali anaamua wazee watasema nini, halafu anawaacha wakaaibike mbele ya hakimu. Fungua faili lako sasa hivi usome maelezo ya wagonjwa kwa kufuatana. Kama yanafanana neno kwa neno, una tatizo lile lile.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na siibadilishi: hati ya mashtaka inaandikwa baada ya kukaa na mgonjwa, na mgonjwa anaoneshwa fomu nzima. Usimwoneshe saini peke yake. Usimfundishe la kusema, na usimuulize maswali yenye majibu ndani yake. Mwulize: ulikwenda lini? Ulisaini wapi, kabla au baada ya kumwona daktari? Fomu ilikuwa na maandishi au tupu? Ulichomwa sindano? Ulitolewa damu? Ulitoka na dawa gani? Kama kwenye fomu kuna ugonjwa wa siri, zungumza naye peke yake. Usimsomee mbele ya mkwe wake wala mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kuna watu watakataa kabisa kuja mahakamani kwa sababu ya aibu ya ugonjwa ambao hawajawahi hata kuugua.

Akishasema, ndipo unatafuta vya kumuunga mkono. Rejista ya wagonjwa wa nje, kile kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya: jina lake lipo tarehe hizo? Rejista ya maabara? Leja ya dawa na ankara za manunuzi: kituo kilinunua sindano ngapi, na kimedai ngapi? Ratiba ya zamu: daktari aliyetajwa kwenye fomu alikuwa kazini au likizo? Taarifa ya benki iliyothibitishwa, kuonesha fedha ziliingia kwa madai yale. Hivyo vyote vichukuliwe kwa hati ya ukamataji mali, na mnyororo wa utunzaji uandikwe, yaani nani alimkabidhi nani kielelezo na lini. Hukumu ya Paulo Maduka juu ya mnyororo huo unaijua.

Ripoti ya wakaguzi ni nzuri kwa kukuonesha pa kuchimba. Mkaguzi anaweza kueleza alichokiona kwenye fomu, lakini akianza kusema "wagonjwa walituambia" utetezi utasimama, na watakuwa sahihi, huo ni ushahidi wa kusikia.

Kuhusu Marekani, ni kweli kikosi chao cha kupambana na udanganyifu wa Medicare, bima ya afya ya serikali yao hasa kwa wazee, kilianza Miami mwaka 2007, na wanatumia takwimu za madai kuona nani anadai kupita kiasi. Lakini takwimu zinawapeleka mlangoni tu. Kesi ikifika mbele ya jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, mara nyingi wagonjwa huitwa waseme kwa midomo yao kwamba hawakupata huduma ile.

Uhujumu uchumi: ukiamua kwenda huko katika mahakama ya chini, hakikisha ridhaa ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, na hati ya kuipa mahakama mamlaka zinataja vifungu sahihi vinavyolingana na hati ya mashtaka. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi nyingi kwa kasoro za aina hiyo. Na lile shtaka la kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri linataka uoneshe nani ni wakala wa nani, kwa hiyo usilibandike tu kwa mmiliki wa kituo kwa mazoea.

Siku ya kutoa vielelezo, kumbuka hukumu ya Robinson Mwanjisi: fomu ipokelewe kwanza, kisha isomwe kwa sauti. Zote. Hata kama hakimu anaangalia saa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kesho asubuhi lirudishe faili kwa mpelelezi kwa barua, uorodheshe majina ya wagonjwa wote, udai maelezo mapya yachukuliwe fomu ikiwa mezani. Akikwambia mwandiko unatosha, mwombe aandike hivyo na asaini, likae kwenye faili.