Nilipeleka nywele za mbwa kupimwa aleji, jibu likapatikana kwenye bakuli

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mbwa wangu anajikuna mwaka mzima. Kuna sehemu wanapima aleji ya chakula kwa nywele, nipeleke?" Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mimi nilipeleka.

Mbwa wangu Jimi alikuwa akilamba miguu usiku kucha, sauti ya ulimi naisikia nikiwa kitandani. Manyoya ya katikati ya vidole yaligeuka rangi ya kutu kwa sababu ya mate. Masikio yananuka. Nikabadilisha sabuni, nikalaumu majani ya uani, mwisho nikakata nywele zake nikatuma pamoja na laki mbili zangu. Majibu yakaja kurasa tatu zenye rangi rangi: vitu zaidi ya 30 vinamdhuru, samaki aina ya samoni akiwemo. Samoni! Mbwa wa Moshi aliyekuzwa kwa ugali wa dona, dagaa na vichwa vya kuku, samoni kakutana naye wapi? Kwa kawaida mwili haupati aleji ya kitu usichowahi kukutana nacho. Baadaye nikasoma kuwa watafiti waliwahi kupeleka manyoya bandia kwenye vipimo vya aina hii, na majibu ya aleji yakarudi vilevile. Hao waliopima nywele za Jimi sijawasamehe mpaka leo.

Daktari wa mifugo alinisikiliza, akaanza kwa kuhakikisha si viroboto. Baada ya hapo akanipa kazi: wiki 8, nyama asiyowahi kula na wanga asiowahi kula, basi. Tukachagua sungura na viazi vitamu. (Hicho si chakula cha maisha, ni cha kupimia tu.)

Wiki ya 5 Jimi akalala usiku kucha. Wiki ya 6 mlinzi akamwonea huruma, akampa mabaki ya chipsi kuku. Kesho yake usiku, ulimi ukaanza tena. Nikakaa ngazini nikalia, kisha nikaanza kuhesabu upya.

Wiki 8 zilipotimia, nikarudisha vyakula vyake vya zamani kimoja kimoja, kila kimoja wiki 2. Nyama ya ng'ombe, kimya. Dagaa, kimya. Kuku: siku ya 3 tu, mguu mdomoni. Nikamwondolea kuku, akatulia. Hicho ndicho kipimo, na hakuna maabara iliyonipa.

Jamani mnaofuga, acheni njia za mkato! Damu, mate, nywele, kwa aleji ya chakula vyote haviaminiki. Chakula kimoja, wiki 8, hakuna kuonjeshwa. Hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama inaharibu kazi, hata ukoko wa sufuria ya mchuzi. Mwambieni dada wa kazi, mwambieni bibi, waambieni watoto wa jirani. Hakuna kuonjeshwa! Mmoja akikaidi, mnaanza upya kama mimi.

Mlinzi wetu siku hizi anakula kuku wake kibandani, mlango kaufunga. Jimi amelala nje, pua kaiegesha kwenye upenyo wa chini.