Kama hafurahii tena, mbona bado anabeti?

SWALI: Mshauri, hujambo? Kaka yangu mdogo ana miaka 27, anaendesha boda boda hapa Umoja. Tangu mwaka juzi anabeti kila siku: mchana mikeka ya mpira, usiku ile ya kandege, ambapo pesa hupanda kandege kikipaa na lazima uitoe kabla hakijatoweka. Ameuza runinga na ana mikopo ya simu. Juzi aliniambia huku akilia kwamba hata akishinda hahisi chochote. Saa tano usiku nikamkuta anabonyeza tena. Mama anasema anatuchezea akili. Je, kweli mtu anaweza kung'ang'ania kitu asichokifurahia? Na nimlipie deni? — Dada mkubwa

JIBU: Dada, kaka yako hakudanganyi. Maneno kama yake husikika sana kwa waraibu, wawe wa pombe, wa unga au wa kamari, na yana maelezo ya kisayansi.

Raha na uchu ni vitu viwili. Raha huja chakula kikiwa mdomoni; uchu hukuvuta kukifuata kabla hujakionja. Kwa kawaida huandamana, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba ubongo unavitenganisha. Panya aliyeondolewa karibu dopamini yote, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, hakwenda kula hata chakula kikiwa mbele yake, lakini akitiwa sukari mdomoni alilamba midomo kama panya mwingine yeyote. Raha ilikuwapo, uchu haukuwapo. Uraibu ni hali hiyo iliyogeuzwa: uchu unapanda mwaka hata mwaka, raha inabaki pale pale au inafifia.

(Mitandaoni dopamini huitwa kemikali ya furaha. Jina hilo limepotosha wengi. Kazi yake kubwa hapa ni kusukuma na kufundisha, si kufurahisha.)

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka hospitalini. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, wanaopewa dawa za kuamsha vipokezi vya dopamini, kama pramipexole, huanza kucheza kamari bila kujizuia, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuwa na tatizo hilo. Dawa ikipunguzwa au kusimamishwa, wengi hupoa. Ukimweleza Mama habari hiyo, huenda akaacha kusema ni tabia mbaya tu.

Sasa, kwa nini kamari, wakati mtu hanywi wala havuti kitu? Kwa sababu ya kutojua. Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za dopamini kwa nyani waliokuwa wakisubiri tone la maji ya matunda. Nyani akishazoea kwamba taa fulani hutangulia tone, seli huitikia taa, si tone lenyewe. Na katika utafiti wao wa 2003, msisimko wa kusubiri ulikuwa mkubwa kabisa pale nafasi ya kupata ilipokuwa nusu kwa nusu. Ukijua hakika utapata, seli hutulia. Ukijua hakika hutapata, hutulia pia.

Kuna pia kukosa chupuchupu. Mechi nane zimeingia, ya tisa inachana mkeka dakika ya tisini. Kandege kinatoweka sekunde moja kabla kaka yako hajatoa pesa. Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliwachunguza watu wakicheza mashine ya bahati nasibu mwaka 2009. Wachezaji walisema kukosa chupuchupu kunaudhi kuliko kukosa kabisa, na papo hapo kuliwaongezea hamu ya kucheza. Soma hilo mara mbili, kwa sababu ndilo swali lako lenyewe: kinaudhi, na kinavuta. Kandege humpa kaka yako chupuchupu moja baada ya nyingine, usiku kucha, kitandani.

Kwa hiyo kumwambia "acha tu" hakufiki mahali tatizo lilipo. Uchu huamshwa na ishara: mlio wa ujumbe wa pesa kuingia, wenzake wakilinganisha mikeka stejini, saa ya kulala. Ishara zipunguzwe kwanza. Aombe kampuni za kubeti zimfungie akaunti. Azifunge zote, si moja. Simu ilale chumbani kwako. Mapato ya siku ayatume kwa mtu anayemwamini kabla hajaondoka stejini. Uchu ukija, ajue ni wimbi: hupanda, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, asipoulisha. Tiba ya mazungumzo inayofunza kutambua ishara hizo na kupinga mawazo kama "leo zamu yangu imefika" ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa kamari.

Deni: usimpe pesa mkononi, hata akikuapia. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, pesa ni ishara kali kuliko zote, na mawazo yatamwambia aizidishe kwanza ndipo alipe. Ukiweza kusaidia, keti naye mwandike kila deni, kisha umlipe mdai wewe mwenyewe, baada ya akaunti kufungwa. Mimi nisingelipa yote kwa mkupuo.

Jambo moja hukuliuliza. Deni la kamari likichanganyika na aibu, mawazo ya kujiua huwa karibu. Muulize waziwazi, kwa maneno hayo hayo, kama amewahi kufikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama si hivyo, anzeni na simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, 1192, naye mwenyewe akiwa ndiye anayezungumza.