Wasomaji Wanauliza: Mvua na Upepo Mkiwa na Gari-Nyumba Ufukweni

SWALI: Tuna safari ya wiki moja kando ya bahari kwa gari-nyumba lenye paa la kunyanyua. Utabiri unataja mvua ya mfululizo na upepo mkali. Tuahirishe?

JIBU: Mvua peke yake si sababu ya kuahirisha. Kinachoamua ni upepo, na mahali mtakapoegesha. Ubavu wa gari hushika upepo kama tanga, kwa hiyo elekezeni pua upepo unakotoka, mlango wa pembeni ubaki demani, yaani upande usiopigwa na upepo. Turubai la ubavuni likunjwe kabla ya kulala hata kama jioni ni shwari, kwa kuwa upepo wa ghafla hupinda mikono yake kabla hamjaamka. Gari likianza kuyumba, shusheni paa na mlale chini.

Jikingeni nyuma ya jengo au kilima, ila si chini ya miti wala chini ya genge, maana udongo ulioshiba maji huporomoka. Penye nyasi, egesheni pua ikitazama mteremko ili kuondoka kusihitaji kupanda kwenye tope.

Kisha tazameni jedwali la maji kujaa na kupwa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1 (kipimo cha kanieneo), bahari hupanda kwa takriban sentimeta 1. Dhoruba ya hektopaskali 980, ikilinganishwa na kawaida ya 1013, huongeza kama sentimeta 33, na hapo upepo unaosukuma maji pwani haujahesabiwa. Ikiangukia siku za bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, alama ya maji ya jana isiwadanganye. Hameni mapema, kungali mchana.

SWALI: Paa halivuji, lakini kila asubuhi vioo vinatiririka maji na godoro lina unyevu kwa chini. Maji yanatoka wapi?

JIBU: Kwenu wenyewe na kwenye jiko. Pumzi na jasho la waliolala hugeuka matone yakigusa kioo au bati baridi. Gesi nayo, kila kilo 1 ikiungua, hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Wengi hufunga kila upenyo kuzuia baridi, na hapo ndipo tatizo huzidi.

Acheni tundu la paa wazi kidogo, pamoja na dirisha moja la chini upande wa demani, kiasi cha sentimeta 2, usiku kucha. Pikeni sufuria ikiwa na kifuniko. Godoro likae juu ya fito zenye nafasi, si juu ya ubao mtupu, na linyanyuliwe kila asubuhi. Futeni vioo kwa kitambaa, mkikamulie nje. Nguo mbichi zikae karibu na mlango, mbali na vitanda.

Tafadhali, msiwashe jiko la gesi ili kupata joto. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto wa jiko, haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Kifaa cha kuitambua ni cha lazima, na kijaribiwe kabla ya safari.

SWALI: Watoto watafanya nini siku nzima ndani?

JIBU: Wasikae siku nzima. Tokeni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, hata kukiwa na manyunyu: vidimbwi vya miambani huwa na kaa, konokono na samaki wadogo, na maji bado yanarudi nyuma. Yakianza kujaa, geukeni. Kesho yake muda huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Vaeni koti la kuzuia upepo, kwani mwavuli hautadumu, na mawimbi yakiwa makubwa msiende miambani kabisa. Mkisikia radi rudini garini, mngoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuogelea kusubiri siku 2 au 3 baada ya mvua kubwa, hasa karibu na midomo ya mito na mifereji, kwa sababu uchafu wote wa bara huteremkia hapo.