Farasi Mchanga Apandwe Lini?

Wewe unayeanza kazi ya kulea na kufunza farasi, usikubali kimo kikudanganye. Farasi wa miaka 2 huwa amekaribia urefu wake wa mwisho, lakini mifupa yake hukomaa kuanzia chini kwenda juu: ile iliyo karibu na kwato hukamilika mapema, ile ya juu ya goti la mguu wa mbele humaliza kukua anapofikisha takriban miaka 2 na nusu, na pingili za uti wa mgongo huchelewa kuliko zote, mara nyingi hadi miaka 5 au 6. Kwa hiyo mahali pale pale tunapoweka tandiko ndipo panapokomaa mwisho. Picha ya eksrei ya goti, ambayo wengi huitegemea kujua kama farasi amekomaa, ina faida yake, ila haielezi hali ya mgongo.

Hata hivyo, kungoja si kumfungia zizini. Mfupa huimarika kwa kutumika, na farasi anayekimbia malishoni pamoja na wenzake hukua vizuri kuliko anayesimama siku nzima. Farasi wa mbio mara nyingi huanza kupandwa wanapokaribia miaka 2. Wale wa Iceland kwa kawaida husubiriwa hadi 4, na mimi naona huo ndio utaratibu wa kufuata pale ambapo hakuna shindano linalotuharakisha.

Mtazame kwa ubavuni. Ikiwa matako yameinuka kupita mabega, bado anakua, na uzito wa mpandaji utaielemea zaidi miguu ya mbele. Kinywa nacho kikaguliwe na daktari wa mifugo kabla ya kumtia lijamu, kwa kuwa kati ya miaka 2 na nusu na 4 na nusu farasi hubadilisha meno, na ukaidi unaodhaniwa kuwa wa tabia mara nyingi ni maumivu ya kinywa.

Utayari wa akili ndio unaopuuzwa zaidi. Kabla hujafikiria kumpanda, awe anakubali kuongozwa mbali na wenzake, anatulia anapoinuliwa kila mguu, anasimama kwa sauti yako, na hababaiki tandiko linapofungwa na vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia mpandaji, kumgusa mbavuni. Mfunze hayo ukiwa chini, ukitembea nyuma yake kwa hatamu ndefu. Kumzungusha sana katika duara dogo huchosha viungo vyake.

Siku ya kumpanda, achaguliwe mtu mwenye mwili mwepesi: mpandaji na tandiko kwa pamoja wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwa mchanga ni bora wapungue zaidi. Dakika chache za kutembea, kwa mstari ulionyooka, zatosha. Akianza kulaza masikio kila aonapo tandiko, au miguu yake ikawa na joto siku ya pili, shuka, umrudishe kwenye mafunzo ya chini kwa miezi kadhaa.