Wasomaji Wauliza: Kozi ya Kuhudumia Wagonjwa

Nilipata D+ katika KCSE. Chuo kimoja hapa mjini kinasema nikilipa karo yote leo, nitasoma miezi minne niwe muuguzi msaidizi, kisha wanipeleke kazini Uingereza. Nilipe? (Msomaji, Kayole)

Usilipe leo. Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya wa matunzo kutoka ng'ambo tarehe 22 Julai 2025. Anayekuahidi safari hiyo sasa, ama hajui sheria ama anaijua na anakuficha.

Jina lenyewe pia si sahihi. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na stashahada yake KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni ya miaka 3. Kozi unayoelezwa hutoa msaidizi: anayeosha, kulisha, kugeuza, kupima na kuandika, chini ya macho ya muuguzi. Ni kazi ya heshima na ina ujuzi wake, ila ingia ukijua ni ipi.

Tafuta chuo hicho kwenye orodha ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, mtandaoni, kisha uhakikishe kwamba kozi hiyo yenyewe imeidhinishwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na kibali cha ushonaji na upishi tu. Uliza mtihani unasimamiwa na nani. Omba kuona chumba cha mazoezi: pawe na kitanda cha wodi, doli la mafunzo, kiti cha magurudumu na mashine za presha zinazofanya kazi. Halafu uliza hospitali gani itakupokea kwa mazoezi na kwa wiki ngapi. "Tutakutafutia" si jibu, maana bila saa za wodini utahitimu ukiwa hujawahi kumgeuza mgonjwa wa kweli. Ukiridhika, lipa kwa awamu kupitia paybill ya chuo, si kwa namba ya simu ya mtu, na utunze kila risiti.

Naanza mazoezi wodini mwezi ujao. Nichanjwe nini? (Msomaji, Githurai)

Homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu: ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo anza leo. Ukidungwa na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, mjulishe msimamizi papo hapo, na dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita.

Niko wiki ya tatu wodini. Kila nikipima presha napata namba za juu kuliko sista anaporudia, na mashine ni ileile. Nakosea wapi? (Msomaji, Umoja)

Kama mashine ni ileile, tazama maandalizi. Mgonjwa akae ametulia dakika 5 kabla hujamfunga mkanda. Huenda wewe unampima akiwa ametoka tu msalani au ametembezwa, na sista anapofika ameshapumzika.

Mgongo uegemee, nyayo ziwe sakafuni, miguu isipishane. Mkono ulale juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda. Kibofu kilichojaa na mazungumzo huzipandisha pia. Baridi ya Julai inapokaza, wagonjwa hukunja mkono wa sweta hadi ukabana kama kamba. Mvue, funga mkanda kwenye ngozi tupu.

Kosa linalowaponza wanafunzi wengi ni saizi ya mkanda. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hukupa presha ya juu ambayo mgonjwa hana, na daktari anaweza kumwongezea dawa kwa sababu ya kipimo chako. Ukiwa na shaka, subiri dakika 1 au 2, rudia, uandike ulichoona. Tafadhali usiandike namba ya kubuni ili ifanane na ya sista.

Hali ni hiyo kwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni: hina, rangi ya kucha na vidole baridi huvuruga matokeo. Pumzi zihesabu dakika nzima huku umeshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, kwani akijua unazihesabu atazibadilisha. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20.

Namhudumia mzee wa kiharusi nyumbani kwake Kileleshwa. Ana wekundu juu ya makalio, na familia inataka nimdunge insulini. Nifanyeje? (Msomaji, Kawangware)

Bonyeza pale kwa kidole. Wekundu usipofifia, kidonda cha kulalia kimeshaanza, hata kama ngozi haijapasuka. Kwenye ngozi nyeusi sana wekundu huenda usionekane. Gusa kama pana joto au pamekuwa pagumu. Usipakande. Mgeuze kila saa 2, usiku pia, ukimlaza ubavu kwa mwinamo wa nyuzi 30, mto katikati ya magoti na visigino visiguse godoro. Nepi iliyolowa isikae. Akiteleza chini kitandani usimburute kwa makwapa. Muwe wawili, mumwinue kwa shuka. Mjulishe muuguzi wake leo.

Insulini usidunge. Kazi yako ni kumkumbusha, kumletea dawa na kuandika saa. Dozi ikipitiliza sukari hushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Iombe familia ipange muuguzi afike, au mmoja wao afundishwe kliniki anakotibiwa mzee.