Sura ya Sita: mgombea mwenye kesi, harambee ya kanisa na karani wa stoo

Tulipoomba maswali kuhusu Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya, ile inayohusu uongozi na uadilifu, nilidhani watakaoandika ni mawakili. Walioandika kwa wingi ni wazee wa kanisa, walimu na makarani. Nimefupisha barua, na majina nimeyaacha nje kwa sababu ambazo zitaonekana kwenye moja ya barua hizo.

Mgombea wa hapa kwetu ana kesi ya ufisadi mahakamani. Imekuwaje jina lake liwe kwenye karatasi ya kura ilhali Katiba inataka kiongozi mwadilifu? – Mpiga kura, Kakamega

Ibara ya 99(2) inamzuia kugombea ubunge mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, na vilevile mtu ambaye imethibitishwa kisheria kwamba alitumia vibaya ofisi ya umma au alikiuka Sura ya Sita. Ukiishia hapo utalala usingizi mnono. Ukisoma kifungu cha 3, usingizi unaruka: mtu hazuiliwi mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Kesi inaanza kwa hakimu, inapanda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, na huenda ikafika Mahakama ya Juu. Mshtakiwa anagombea, anashinda, anaapishwa, anamaliza muhula, na rufaa bado inangoja tarehe.

Lakini lawama zote zisiende kwa kifungu hicho. Mwaka 2012 Tume ya Utekelezaji wa Katiba ilitayarisha mswada uliotaka wagombea wachunguzwe kwa kina kabla ya kuidhinishwa. Baraza la Mawaziri likaupunguza makali na Bunge likaupitisha ukiwa umekonda. Kilichobaki kwenye Sheria ya Uongozi na Uadilifu ni fomu ambayo mgombea anaijaza mwenyewe na kuapa kwamba yeye ni mwadilifu, kama mwanafunzi anayepewa kalamu nyekundu asahihishe mtihani wake. Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi (EACC) iliipelekea tume ya uchaguzi, IEBC, majina zaidi ya 200 ya wawaniaji iliowatilia shaka. Karibu wote waliidhinishwa, kwa hoja ileile ya rufaa.

Hapa mimi na mawakili wengi tunaachana njia. Ibara ya 50 inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Ni haki kubwa, inamkinga asifungwe bure. Haimpi mtu yeyote haki ya kukabidhiwa bajeti ya kaunti. Ibara ya 73 inasema mamlaka ya afisa wa serikali ni dhamana ya umma, na kwamba amepewa wajibu wa kuwatumikia watu wala si uwezo wa kuwatawala. Ukitaka kumwachia mtu dhamana hungoji mahakama nne ziseme ameiba. Unauliza kama anaaminika.

Julai 2019 Jaji Mumbi Ngugi alifuata njia hiyo katika kesi ya Moses Lenolkulal, aliyekuwa gavana wa Samburu, alipokubali kwamba gavana aliyeshtakiwa kwa ufisadi asikanyage ofisini kesi ikiendelea. Kulikuwa na kelele nyingi kwamba wapiga kura wameporwa gavana wao. Mahakama ilimpata na hatia mwaka 2024, miaka mitano baada ya uamuzi huo. Fikiria sehemu iliyobaki ya muhula wake angeipitisha akiwa anatia sahihi malipo.

Gavana akiondolewa na Seneti, anaweza kuhamia kaunti nyingine agombee? – Mwendesha bodaboda, Mombasa

Naona unamzungumzia Mike Sonko. Seneti ilimwondoa ugavana wa Nairobi tarehe 17 Desemba 2020, naye mwaka 2022 akataka ugavana wa kwenu. Ibara ya 75(3) inasema aliyeondolewa ofisini kwa kukiuka masharti fulani ya sura hii hawezi kushika ofisi nyingine ya serikali. Julai 2022 Mahakama ya Juu ilitupa rufaa yake, na safari ya Mombasa ikaishia hapo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kura ya wanasiasa inamfungia mtu mlango kwa miezi michache, kazi ambayo mahakama za ufisadi zinahangaika nayo kwa miaka. Tatizo ni kuwa kura hiyo haiji bila siasa. Gavana mwenye marafiki wengi Seneti anapona na madoa yake.

Mwalimu, mbona mnatuambia uadilifu ni zaidi ya pesa? Kiongozi asipoiba, tabia zake za binafsi zinatuhusu nini? – Mwanafunzi wa sheria, Eldoret

Soma habari za Nancy Baraza. Alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, mwanasheria aliyeheshimika. Tarehe 31 Desemba 2011 alipita kwenye ukaguzi wa usalama katika maduka ya Village Market, Nairobi, bila kusimama. Mlinzi aliyemfuata alidai kwamba Baraza alimbana pua na baadaye akamtishia kwa bastola. Hapakuwa na shilingi iliyopotea. Liliundwa jopo la uchunguzi, mwenyekiti wake Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, nalo likapendekeza aondolewe. Baraza alijiuzulu Oktoba 2012.

Wakati huo wapo waliosema adhabu ilizidi kosa. Mimi sioni hivyo. Ibara ya 75 inamtaka afisa wa serikali asiishushe hadhi ya ofisi yake, awe mbele ya umma au katika mambo yake ya faragha. Na tujiulize, mlinzi wa getini angeshtaki wapi kabla ya 2010, akasikizwa na majaji, akaaminiwa dhidi ya mtu wa pili kwa ukubwa mahakamani? Kwangu hiyo ndiyo siku Sura ya Sita ilipofanya kazi vizuri kuliko siku nyingine yoyote. Ilitokea mapema sana, kabla wakubwa hawajajifunza kuikwepa.

Ndugu mwandishi, sisi Tanzania tulikuwa na miiko ya Azimio la Arusha. Ninyi mna sura nzima ya Katiba. Nani ana nafuu? – Mstaafu, Tanga

Shikamoo. Swali lako ni zito kuliko unavyoliweka.

Mwaka 1967 Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Miaka minne baadaye, 1971, Kenya ilielekea upande mwingine kabisa: Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao. Kuanzia hapo afisa wa serikali angeweza kuwa mnunuzi ofisini asubuhi na muuzaji jioni. Vijana wetu wanadhani mgongano wa maslahi ni ugonjwa wa magavana. La, sisi tuliukaribisha rasmi na kuuwekea kiti.

Miiko yenu ilikuwa na makali, ila ilikuwa mali ya chama. Chama, yaani CCM, kilipobadili nia huko Zanzibar mwaka 1991, kikao kilitosha kuilegeza. Maadili ya kitaifa katika Ibara yetu ya 10, uadilifu na uwajibikaji yakiwemo, hayaondolewi bila kura ya maoni ya nchi nzima. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna anayethubutu kuyafuta. Wanayaacha yakae kwenye karatasi, bila sheria ya kuyapa nguvu. Ibara ya 77 inamkataza afisa wa serikali wa kudumu kufanya kazi nyingine ya malipo, lakini mke, kaka na shemeji wana kampuni. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ilipatikana mwaka 2025 tu, miaka kumi na mitano baada ya Katiba.

Nafuu? Kwa maandishi ni sisi. Kwa mazoea, kizazi chako kiliona viongozi wakiona haya kumiliki nyumba ya kupangisha. Kwetu huku haya hiyo hatukuwahi kuiona.

Mwanangu, kanisa letu linajenga. Mbunge ameahidi kuja na wageni wake, na waumini wamefurahi. Kijana mmoja wa kwaya anasema pesa hizo ni haramu. Tumkatalie mbunge? – Mzee wa kanisa, Nyeri

Mzee, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, maana swali hili halina jibu la kumfurahisha kila mtu.

Harambee ilijenga shule za nchi hii. Baada ya uhuru wazazi walichanga kuku na magunia ya mahindi, watoto wakapata madarasa. Hilo si dogo na sitalidharau. Kilichobadilika ni anayechanga. Mwanakijiji alipotoa alichokuwa nacho, kila mtu alijua kimetoka shambani mwake. Mbunge mwenye mshahara unaojulikana anapoacha milioni katika kanisa moja, na Jumapili ijayo milioni nyingine kwingine, hesabu inakataa. Hakuna anayeuliza, kwa kuwa aliyepewa haulizi.

Vijana waliuliza. Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Novemba mwaka uleule yeye mwenyewe alitoa michango katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na Jimbo Kuu likaamua kuirudisha. Wengine walisema maaskofu wanajionyesha. Binafsi niliona watu waliokumbuka kwamba anayepokea naye ana wajibu.

Sasa nikujibu. Msimfukuze mbunge, ni muumini kama wengine. Mwambieni atoe sadaka yake kwenye kikapu kama mama muuza mboga anavyotoa, bila kipaza sauti na bila kutajwa kiasi. Kama anataka kutoa kwa ajili ya Mungu, hilo halitamsumbua. Kama atakosa nafasi ya kuja, mtakuwa mmejua. Na huyo kijana wa kwaya msimwondoe kwenye kwaya.

Bwana mwandishi, mkubwa wangu ananitaka nitie sahihi kwamba bidhaa zimefika stoo. Hazijafika. Nina watoto watatu. – Karani, kaunti ya pwani

Usitie. Najua ni rahisi kwangu kusema, kwa hiyo nitakuambia pia gharama yake.

David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona kampuni ya Goldenberg ikilipwa mabilioni kwa kuuza nje dhahabu na almasi ambazo Kenya karibu haina. Alitoa nyaraka, na kwa nyaraka hizo nchi ikajua. Yeye alikamatwa mwaka 1993, akapoteza kazi, akaishi kwa kubangaiza, na akafariki mwaka 2006 akiwa maskini. Baadaye alisifiwa sana, lakini kazi hakurudishiwa.

Wewe una kinga ambayo yeye hakuwa nayo. Ibara ya 236 inakataza mtumishi wa umma kuonewa au kubaguliwa kwa kufanya kazi yake kulingana na Katiba, wala kufutwa bila utaratibu wa sheria. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya 2003 kinamlinda anayetoa habari kwa EACC, mradi anaamini anachosema ni kweli. Kinga ya karatasini haitamzuia mkubwa kukuhamishia mbali na nyumbani, kwa hiyo jilinde pia kwa mikono yako. Amri ya mdomo ijibu kwa maandishi: "Kuhusu agizo lako la leo, nimekagua stoo na bidhaa hazijafika." Weka nakala nje ya ofisi. EACC inapokea taarifa mtandaoni bila jina. Usimwambie mwenzako wa dawati la pili, hata kama mnakula pamoja.

Sahihi ikishawekwa ni yako, si ya mkubwa. Kesi ikija, yeye atasema alitegemea karani.

Naweza kumrudisha mbunge wangu nyumbani kabla ya uchaguzi? – Mkulima, Kitale

Ibara ya 104 inakupa haki hiyo. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliizungushia masharti mengi kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu iliyafuta baadhi kwa kukiuka Katiba. Bunge ndilo lililopaswa kuyaandika upya, na ungeona wabunge walivyokuwa hawana haraka. Tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyerudishwa kwa njia hiyo. Ukitaka kujaribu, anza na wakili kabla ya kuanza kukusanya sahihi.