Nyutroni za leza huhesabiwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba leza kali ikipiga shabaha yenye dyuteriamu (haidrojeni nzito) hutoa nyutroni. Kwa kuwa nyutroni haina chaji, kipande cha plastiki huitambuaje, na huhesabiwaje?
Mwanafunzi wa fizikia, Morogoro

JIBU: Plastiki hiyo imejaa haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni yenye uzito unaokaribiana sana na wa nyutroni, nyutroni ikiigonga huisukuma, na protoni hiyo yenye chaji ndiyo inayoifanya plastiki itoe mmweko wa nanosekunde chache, ambao mrija wa kukuzia mwanga huugeuza kuwa umeme.

Ugumu halisi ni eksirei kali zinazotoka pamoja na nyutroni, na hapo umbali ndio mwokozi. Plastiki ikiwekwa mita 10 kutoka kwenye shabaha, eksirei huifikia baada ya nanosekunde 33 hivi, ilhali nyutroni zenye nishati ya megaelektronivolti 2.45 hufika baada ya 460 hivi, kwa hiyo kwenye skrini utaona mwinuko mkali, utulivu, kisha mwinuko wa pili. Nasisitiza ukuta wa madini ya risasi mbele ya plastiki, kwani mmweko wa kwanza waweza kuulemea mrija hata usione kinachofuata.

Nyutroni zikiwa chache, kila moja huacha alama yake. Zikifika kwa wingi, eneo lote lililo chini ya mwinuko wa pili hugawanywa kwa eneo la wastani la nyutroni moja, lililopimwa mapema kwa chombo hicho hicho, kisha idadi hurekebishwa kulingana na ufanisi wa plastiki na sehemu ndogo tu ya nyutroni inayoifikia, maana nyutroni hutawanyika pande zote.